Folda ya .vscode kwa Timu Nzima: Naipenda, Ila Hapa Inakera

Haya watazamaji, karibuni. Leo ni zamu ya folda ya .vscode, ile inayokaa ndani ya mradi ili timu nzima itumie mipangilio ileile. Kusakinisha VS Code, kihariri chetu cha msimbo, mnakujua, napita. Twende kwenye kinachokera.

Tazameni settings.json ya mradi. Nimeweka "editor.formatOnSave": true, na chini yake "editor.defaultFormatter": "esbenp.prettier-vscode", yaani kila ukihifadhi faili, Prettier, programu ya kupanga msimbo, ilinyooshe. Mipangilio ya mradi hushinda ya mtu binafsi, sivyo? Sasa nafungua faili la JavaScript, naandika mstari mrefu wenye alama moja za kunukuu, navuruga nafasi za mwanzo, nahifadhi. Mmeona? Nafasi zimenyooka, lakini alama ni zilezile na mstari bado unapita herufi 80. Aliyenyoosha hapo si Prettier hata kidogo! Prettier ingeweka alama mbili na kuukata mstari.

Mchawi yuko kwenye mipangilio binafsi ya kompyuta hii. Kuna kipande cha "[javascript]" kinachotaja vscode.typescript-language-features, kipangaji kilichomo ndani ya VS Code yenyewe. Mpangilio uliofungwa kwenye lugha hushinda usiofungwa, hata huo wa pili ukiwa ndani ya mradi. VS Code haitoi onyo lolote. Kimya! Watu wanazozana kwamba Prettier imeharibika, kumbe nzima.

Dawa yake: kwenye mradi andika vipande vinne, "[javascript]", "[typescript]", "[javascriptreact]" na "[typescriptreact]", kisha weka defaultFormatter ndani ya kila kimoja. Hivyo viwili vya mwisho msiviruke, maana faili la .tsx halihesabiwi kuwa typescript. Nahifadhi tena... haya, alama mbili, mstari umekatwa. Hapo ndipo ninapoipenda folda hii.

Prettier yenyewe isakinishwe ndani ya mradi: npm install --save-dev --save-exact prettier. Isipokuwemo, kiendelezi chake cha VS Code kinatumia toleo lake chenyewe; wawili wakiwa na matoleo tofauti, kila anayehifadhi anageuza mistari ya mwenzake.

extensions.json, orodha ya viendelezi vya mradi, haina makuu. Inapendekeza tu, hailazimishi, na mtu akifunga ule ujumbe basi. Kwa hiyo npx prettier --check . (inakagua tu kama mafaili yamepangwa) iwekeni kwenye seva inayokagua msimbo.

Timu yenu ina wanaotumia vihariri vingine, JetBrains au Neovim? Ongezeni .editorconfig, faili la mipangilio linalosomwa na vihariri vingi. JetBrains inaisoma yenyewe, Neovim tangu toleo la 0.9, lakini VS Code mpaka leo inadai kiendelezi. Kweli jamani? Haya, ni ya bure, tusilalamike sana. Kwa [*.md] wekeni trim_trailing_whitespace = false, kwa sababu nafasi mbili mwishoni mwa mstari wa Markdown ndizo zinazoukata. Makefile, faili la maagizo ya programu ya make, ipewe indent_style = tab, la sivyo make inagoma. Rangi na ukubwa wa herufi msiviweke kwenye mradi. Hayo ni macho ya mtu.

Video ijayo ni ya kontena za uundaji, kwa hiyo jiungeni na chaneli. Kabla hamjaondoka: ufomati wa kwanza wa mradi mzima ufanyeni kwenye komiti (badiliko linalohifadhiwa na Git) yake peke yake, namba yake kamili iingie kwenye .git-blame-ignore-revs, kisha kila mmoja aendeshe git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs. Bila hivyo, git blame, amri inayoonyesha nani alibadilisha kila mstari, itamtaja aliyefomati kwenye kila mstari uliobadilika.