Uzoefu wangu: malaria ya mtoto, daftari na dirisha la dawa

Jumatatu mwanangu wa miaka minne aliamka mwili unachemka, hata chai haitaki. Nikamfunga mgongoni, boda hadi hospitali ya jamii huku kwetu Tororo. Jina silitaji, maana nina la kusifu na la kulalamikia.

Getini unaanza kwa kununua daftari. Anayezijua hospitali zetu Uganda anaelewa: bila daftari daktari hana pa kuandika. Mlinzi aliponisikia naongea Kiswahili akauliza kama mume wangu ni mwanajeshi, maana huku kwetu wengi wanakiona Kiswahili ni cha jeshi. Nikacheka tu. Sisi wa Malaba, mpakani na Kenya, Kiswahili ndicho tunachouzia nyanya.

Foleni ilikwenda haraka kuliko nilivyodhani. Wakamtoboa kidole, baada ya kama robo saa wakasema malaria. Ana kilo 16, kwa hiyo Coartem viwili kila mara, jumla vidonge 12.

Dirisha la dawa ndilo lililoniudhi. Kijana alinisukumia bahasha imeandikwa "2x2", yaani viwili mara mbili kwa siku, akaita mwingine sijafungua hata mdomo.

Sista mmoja aliniona nimesimama naigeuzageuza ile bahasha. "Mama, utampaje hizo?" Nikasema asubuhi na jioni. Akachukua daftari akaandika saa zenyewe: vya kwanza sasa hivi, saa tano, vya pili baada ya kupita muda wa saa nane, yaani saa moja jioni leo leo, kuanzia hapo kila baada ya saa 12. Ale kwanza, na chakula kiwe na maziwa au mafuta kidogo, ndipo dawa iingie vizuri mwilini. Akitapika ndani ya saa moja tangu ameze, nimpe vingine. Akipata degedege, akilegea au akishindwa kunywa, nisingoje kukuche. Na homa ikishuka kesho nisimfichie mdogo wake vidonge vilivyobaki. (Alijuaje?) Halafu akanitaka nimrudie yote kwa mdomo wangu, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Akaongeza kwamba wiki ijayo nisikimbilie kumpima tena kwa kile kipimo cha kidole, kwani kinaweza kuendelea kuonyesha malaria hata wadudu wameshakufa. Hilo sikulijua, na dada yake nilishamnunulia dawa mara mbili kwa sababu hiyohiyo.

Jioni akatapika kweli. Dakika kumi tu, vidonge vikatoka na uji. Nikarudia, lakini sasa hesabu imepungua viwili. Jumanne nikarudi, na kijana yuleyule wa dirishani akanitaka nilipie daktari upya ndipo anipe. Kwa vidonge viwili! Nilikaa benchi hadi karibu adhuhuri, sista akapita, akasoma daftari, akaingia mwenyewe akatoka navyo mkononi.

Alhamisi mtoto anafukuza kuku wa jirani. Ningerudi pale? Ningerudi, ila ningeuliza getini kwanza kama yule sista yuko zamu.