Pawa saplai ya Corsair CX550 baada ya kubadilisha kadi ya grafiki: uzoefu wangu

Ninahariri video za harusi hapa Kampala kwa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i5-10400F. Nilipotoa kadi ya grafiki ya GTX 1650 nikafunga RTX 3060, mashine iliwaka vizuri tu: intaneti sawa, sinema sawa. Lakini nikianza kutoa video iliyokamilika (export), pap! Inazimika, halafu inajiwasha yenyewe.

"Kaka, hiyo kadi ni mbovu, irudishe dukani," fundi akasema. Mwingine akalaumu umeme wa mtaani. Huku kwetu lawama hiyo haikosi wa kuiamini, ila skrini iliyochomekwa kwenye stabilaiza ileile haikupepesa hata kidogo.

Jibu lilitoka kwenye MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya grafiki. Nilishusha kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 60, video ikatoka mpaka mwisho. Nikarudisha 100, ikazimika. Kadi nzima kabisa, ila ina njaa!

Nikafungua kasha nisome kibandiko cha pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Juu, kwa herufi kubwa: 500W. Chini, kwenye mstari wa +12V, yaani volti 12 zinazolisha kadi na prosesa: ampea 18. Zidisha mwenyewe 12 kwa 18, ni wati 216. RTX 3060 peke yake hula hadi 170, prosesa 65 na mara nyingine zaidi, na feni na diski bado hujazihesabu. GTX 1650 yangu ilitosheka na wati 75 za sloti inamochomekwa kwenye bodi, ndiyo maana hatukuwahi kugombana. Tena saplai hiyo haikuwa na waya wa pini 8 wa kulisha kadi; muuzaji alinipa adapta ya kuungia kwenye waya wa SATA, ule wa diski. Plagi ya SATA hubeba wati 54 tu kwenye 12V, wakati ya pini 8 huruhusiwa 150. Plastiki ya adapta ilikuwa imeanza kugeuka kahawia.

NVIDIA wenyewe hupendekeza wati 550 kwa kadi hii, nikachukua CX550. Laini yake ya 12V ina zaidi ya ampea 40, na waya wa pini 8 upo. Tangu niifunge, mashine haijazimika hata kwa video ndefu, na feni siisikii. Bei inauma, na waya zake hazichomoki, kwa hiyo zisizo na kazi nimezibana nyuma ya bodi kwa shida. Nyota nne.

Kabla hujalipa, kagua waya wa ukutani. Wangu ulikuja na plagi ya Ulaya ya pini mbili za duara, na soketi zetu ni za pini tatu bapa. Nimetumia waya wa ile ya zamani.