Kalamu ya kupima pH: miezi saba nayo hapa Goma, na gardenia yangu imerudi kijani

Ndugu na dada mnaopenda maua ya ndani, nimeahidi wengi kwamba nitaandika juu ya hii kalamu ya kupima pH, yaani asidi ya maji na udongo (namba ikishuka asidi inazidi), basi leo kura (umeme) iko, acha niandike yote. Ni ile ya manjano, nene kidogo kuliko bik, juu kuna kiskrini, chini ndani ya kifuniko kuna kigololi cha kioo, inatumia betri ndogo za duara kama za saa. Nililipa dola 14 kwenye duka moja la mjini linalouza vitu vya maabara, na ndani ya boksi kulikuwa na kibisibisi na sashe mbili za poda, moja ya 4.01 na moja ya 6.86. Hizo sashe msizitupe, nitarudi kwazo.

Niliinunua juu ya gardenia. Yaya yangu (mkubwa wangu wa kuzaliwa) alinipa siku ya ndoa, inakaa kwenye dirisha la saloni (sebule), na toka mwaka jana majani mapya yakaanza kutoka manjano, mishipa peke yake ndiyo inabaki kijani kama mtu ameichora, huku majani ya zamani ya chini hayana shida yoyote. Kila mtu akaleta dawa yake. Mmoja akasema iko na kiu, mwingine akasema tia mbolea, nikatia NPK, hakuna kitu, halafu mama mmoja wa pepinieri (kitalu cha miche) akaniambia nitie majivu ya makaa, nikatia vijiko vitatu, ndani ya mwezi ikawa mbaya zaidi, maua yakadondoka kabla hayajafunguka, niliumia sana.

Sasa njo nimeelewa. Manjano ya namna ile, kwenye majani mapya, mara nyingi ni chuma kimekosekana, na si kwamba udongo hauna chuma, chuma kipo, lakini pH ikipanda sana kinajifunga kwenye udongo na mzizi hauwezi kukivuta. Jani la zamani linabaki na chuma chake, halimpi mdogo wake, njo maana mapya ndiyo yanaumwa kwanza. Na majivu yanapandisha pH! Kwa hiyo nilikuwa ninamuongezea mgonjwa ugonjwa kwa mkono wangu.

Siku ya kwanza nilipima kila kitu ndani ya nyumba kama mtoto. Maji ya robine (bomba), haya yetu yanayopandishwa toka ziwani: 8.9. Maji ya mvua ndani ya pipa: 5.8. Udongo wa gardenia: 7.9. Udongo mweusi mpya ambao sijaugusa: 6.7. Pale pale shida ikaonekana, udongo ulikuja muzuri, mimi ndiye nilikuwa ninauharibu kila mara ninapomwagilia. Na msione 8.9 na 6.9 kuwa karibu, kila namba moja kwenye pH ni mara kumi, kwa hiyo tofauti ya mbili ni mara mia. Maua mengi ya ndani, fikusi, potosi, spatifilumu, yanapenda udongo wa kama 6 mpaka 7, gardenia na azalea zinataka chini zaidi, 5 na kitu. Na ziwa Kivu lenyewe juu liko karibu 9, ndivyo lilivyo, limejaa bikaboneti (chumvi inayopunguza nguvu ya asidi) kwa sababu ya volkano, samaki wanaishi humo vizuri tu, ila gardenia si samaki.

Hapa niseme kitu ambacho kalamu HAIKWAMBII, na kwangu hii ndiyo sehemu ya maana kuliko zote. Nilichukua litre moja ya maji ya robine nikatia kijiko cha chai kimoja cha vinegre (siki), kalamu ikashuka mpaka 6.8, nikafurahi nikasema kumbe ni rahisi hivi. Asubuhi nikapima tena maji yale yale: 8.3. Nikadhani kalamu imekufa. Haikufa, ni bikaboneti. Ukitia asidi, sehemu ya bikaboneti inageuka gesi, ile ile ya kwenye Fanta, na gesi ikiwa bado ndani ya maji namba inakuwa chini, usiku ikitoka polepole namba inapanda tena, maana bikaboneti nyingi bado zimebaki. Halafu nikafanya hivyo hivyo na maji ya mvua, matone matatu tu ya vinegre kwenye litre yakaangusha namba chini ya 5 na asubuhi ilikuwa bado chini, kwa sababu maji ya mvua hayana kitu cha kujitetea. Kwa hiyo maji mawili yanaweza kuonyesha namba moja kwenye kalamu, lakini moja limebeba mzigo wa bikaboneti na lingine halina, na kinachopandisha udongo wa kwenye chungu mwezi baada ya mwezi ni ule mzigo, siyo ile namba. Hata vinegre yenyewe, vijidudu vya udongo vinaila baada ya siku chache na kazi yake inaisha. Na kuchemsha maji haya hakusaidii, gesi inatoka na pH inapanda zaidi, nimejaribu.

Basi dawa yangu ni mvua. Gardenia inakunywa maji ya mvua peke yake. Maua mengine, wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, pipa linapopungua, ninachanganya ndoo nne za mvua na moja ya robine, kalamu bado inaonyesha karibu 8 lakini mzigo umebaki sehemu moja juu ya tano na maua hayalalamiki. Maji ya kwanza kutoka kwenye mabati msiyachukue, mwageni, hasa mvua ikija baada ya siku nyingi za jua, yanashuka na vumbi na moshi wa Nyiragongo, volkano yetu. Moshi ule unatia asidi kwenye mvua, kuna usiku ulikuwa umetulalia huku kwetu, asubuhi nikapima 4.6. Maji kama hayo ninayatuliza na robine kidogo, hapo angalau ziwa linasaidia.

Udongo nao nilibadilisha. Rafiki alinitumia mfuko wa udongo mwekundu toka Bukavu kwa bateau (meli), kule milimani udongo wao mwingi ni wa asidi, huu ulisoma 5.2, nikachanganya na mweusi wetu, mboji kidogo na vimawe vya volkano ili maji yapite, maana udongo mwekundu peke yake kwenye chungu unashikana kama tofali.

Sasa matatizo ya kalamu, maana yapo. Inahama. Usipoirekebisha na zile sashe kila wiki mbili tatu inaanza kusema uongo, mimi nilisahau karibu miezi miwili, nikaitia kwenye maji ya sashe ya 6.86 ikaniambia 7.4, fikiria maamuzi yote niliyofanya katikati hapo. Sashe moja unaiyeyusha kwenye mililita 250 za maji safi yasiyo na madini, siyo robine, siyo ya chupa ya kunywa, halafu unazungusha kaskurubu nyuma na kibisibisi mpaka namba ifike ile ya sashe. Hayo maji yanapatikana kwa wanaouza betri za gari, lakini angalieni kwa macho mawili, hapo hapo wanauza pia asidi ya betri kwenye bidoni zinazofanana, ile inaunguza ngozi na macho, ulizeni mara mbili na msiweke karibu na watoto. Na kupata sashe peke yake bila kalamu imekuwa kazi, lile duka halinazo, niliambiwa ninunue kalamu nyingine, hiyo haikunipendeza kabisa.

Kwenye maji ya mvua inachelewa pia, namba inatembea tembea, subirini dakika mbili tatu. Na kigololi kisikauke, wala msikiache ndani ya maji yasiyo na madini, vyote viwili vinakiharibu.

Kupima udongo: usichome kalamu kwenye chungu, kioo kitapasuka. Chukua udongo wa kati, siyo wa juu, kipimo kimoja cha udongo na viwili vya yale maji safi, koroga, acha nusu saa, pima maji ya juu.

Kabla ya hii nilikuwa nimenunua kile chombo cha miguu miwili cha kuchomeka kwenye udongo, kisicho na betri, dola 8. Msinunue. Kilikuwa kinasema 7 kila mahali, nikakitia kwenye vinegre tupu kikasema 6.5, nikakiweka chini. Karatasi za kubadilisha rangi ni afadhali kuliko kile, kwa mtu mwenye chungu kimoja zinatosha.

Ninaipa 4 juu ya 5, hiyo moja ninaikata juu ya sashe. Mwenye maua mawili ya sanseveria hahitaji kutoa dola 14, sanseveria inavumilia mengi. Mwenye gardenia, azalea, ndimu ya kwenye chungu, na anamwagilia maji ya robine hapa Goma, kwangu hiki ndicho kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya mbolea yoyote.

Gardenia leo asubuhi iko na majani kumi na moja mapya, kijani chote, na vichipukizi viwili vya maua bado vimeshikilia. Udongo wake umeshuka mpaka 5.9. Mwenye kujua mahali wanauza sashe za 6.86 peke yake, hapa au Bukavu, aniandikie chini, na mwenye bateau ya wiki ijayo nitampa pesa aniletee kumi.