Mgomba wa mapambo kwenye baridi: baada ya miaka mitatu

Niliagiza miche miwili mtandaoni: Musa basjoo na Ensete ventricosum, ule wa majani mekundu. Yote miwili ilikuja na lebo ileile: "Hustahimili baridi." Ugomvi wangu na muuzaji unaanzia hapo.

Miche yenyewe sina neno nayo. Ilifika mizima, udongo bado una unyevu. Mgomba changaraweni haupandwi ukamea, kwa hiyo nilichimba shimo kubwa, nikajaza samadi iliyooza, nikamwagilia kila jioni. Majira ya joto basjoo ulinipa jani jipya karibu kila wiki, linachomoza limeviringika kama mkeka. Upepo tu ndio uliokuwa ukiyachana vipande vipande.

Jalidi ya kwanza, yaani umande ulioganda kwa baridi, iliyageuza majani kuwa meusi kwa usiku mmoja. Sikufunika kitu; si lebo imesema? Baridi ilipokwisha nililishika shina, likanibaki mkononi, laini kama uji na linanuka. Nikaleta jembe ning'oe, kisha nikaahirisha, uvivu tu. Mwezi Mei machipukizi matatu yakatokeza. Kumbe kinachostahimili ni tunguu lililo ardhini; likifunikwa matandazo mazito huvumilia hata nyuzi 10 chini ya sifuri. Shina la juu hufa mapema zaidi.

Ensete ndio ukawa umekwenda moja kwa moja. Kwa kawaida hautoi machipukizi pembeni, na ulitakiwa kuhamishiwa ndani kabla ya jalidi. Lebo kimya.

Mwaka wa pili nilikata majani yaliyoungua, nikazungushia shina la basjoo wavu wa waya, nikashindilia nyasi kavu mpaka juu, kisha nikaweka kifuniko, maana maji yakiingia ndani ya shina lililojeruhiwa na baridi ndipo linapooza. Nilipofunua, shina lilikuwa gumu hadi usawa wa kifua changu, na jani jipya likatokea kileleni badala ya kuanzia chini. Sasa umenipita kimo.

Wanaouliza ndizi: basjoo huzaa vidole vidogo vilivyojaa mbegu, havili mtu.

Basjoo naupa nyota tano, muuzaji mbili. Nilimwandikia abadilishe lebo ya ensete. Akanijibu kwa kuponi ya punguzo, ya kununulia ensete mwingine.