Uzio wa Ploti Kiamunyi, Nakuru: Mkandarasi Aliyeanza na Bikoni

Mkandarasi tuliyempa kazi ya kuzungushia uzio ploti yetu ya Kiamunyi, Nakuru, alikataa kuchimba shimo hata moja kabla bikoni zote, yaani alama za mpaka zilizowekwa ardhini kwenye pembe za ploti, hazijaonekana. Mafundi wengine walioitwa kutoa bei walipima kwa hatua za miguu, wakataja jumla na kudai malipo ya kwanza papo hapo. Huyu aliomba nakala ya hati miliki pamoja na ramani ya upimaji, akatuonyesha cheti chake cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, kisha akashikilia kwamba aitwe mpima ardhi mwenye leseni, ingawa pesa za upimaji hazikuwa zake. Kwangu mimi, msimamo huo una thamani kuliko ufundi wake wa waya, na ufundi wenyewe si haba.

Bikoni moja ilikuwa imefukiwa tangu greda lilipochonga barabara. Mpima alipotia alama mahali pake, vibarua waliondoa udongo polepole hadi kikatokea kipande cha chuma kilichoshikwa na zege, kikiwa upande wetu zaidi kuliko mstari ambao sisi na jirani tulikuwa tumeuzoea. Jirani, mama mtu mzima anayeheshimika mtaani, aliitwa ashuhudie kabla kamba haijavutwa, na akaridhika. Uzio uliosimamishwa kwa kukisia ungeingia kwake, na hapo ujirani mwema ungekuwa mashakani.

Wenye ploti wanapaswa kuelewa kwamba ugomvi wa mpaka haupelekwi mahakamani moja kwa moja. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mahakama haisikilizi mzozo wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka wenyewe haujabainishwa kwa utaratibu wa sheria hiyo, na anayeanza kushughulikia jambo hilo ni msajili wa ardhi. Sheria iyo hiyo inamtia hatiani mtu anayeng'oa, kusogeza au kuharibu alama ya mpaka kwa makusudi, kwa hiyo kibarua asiruhusiwe kamwe kuing'oa bikoni eti kwa sababu imekaa mahali pa nguzo.

Ploti yetu iko kwenye kona, na kwenye ramani pembe yake imekatwa mshazari ili madereva waonane wanapokata kona. Mkandarasi alifuata mshazari huo bila kusukumwa, wakati mafundi waliotangulia walikuwa wameahidi kutunyooshea pembe ili tupate nafasi zaidi. Nafasi hiyo ni ya barabara, na uzio unaojengwa juu yake unaweza kubomolewa. Tulipouliza kuhusu ukuta wa mawe siku za usoni, alieleza wazi kwamba huo ni ujenzi wa kudumu unaohitaji kibali cha serikali ya kaunti, kwa mujibu wa sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019.

Sasa kazi yenyewe. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mzunguko wa takriban mita 91, na kwa nafasi ya mita 3 kati ya nguzo na nguzo zinahitajika kama 30, bila kuhesabu za geti. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi, na mvua kubwa huusomba upesi, ndiyo maana mashimo ya kona yalichimbwa kwenda chini kuliko mengine, nguzo zake zikapewa mihimili ya kuzitegemeza pande zote mbili. Zege lilichanganywa kwa kipimo cha saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, likamwagiliwa maji na kuachwa likomae kwa wiki nzima kabla waya haujakazwa. Wapo wanaokaza siku ya pili. Nguzo za namna hiyo huanza kuinama kabla ya masika kwisha.

Kasoro zipo. Makadirio yake ya bei hayakutaja usafiri wa nguzo wala bawaba za geti, na nyongeza hiyo ilikuja kazi ikiwa imeshaanza, jambo lisilofaa. Pia ncha za waya ziliachwa zikichomoza upande wa njia wanayopita watoto wa shule. Alirudi kuzikunja alipopigiwa simu, lakini hilo halikupaswa kusubiri simu.

Vifaa tulivinunua wenyewe hadiwea, na ufundi tukaulipa kwa awamu tatu, ya mwisho baada ya ncha hizo kukunjwa. Kwa uzio wa nguzo na wavu wa waya ningempa kazi tena, mradi makadirio yaandikwe yote tangu mwanzo. Kwa ukuta wa mawe, ningetaka kwanza kukagua mmoja aliokwisha kuujenga na uliopitia msimu mzima wa mvua.