Ekzosi mpya kwenye IST yangu: sauti nimepata, mafuta hapana

Nina Toyota IST ya cc 1298, na siku sita kwa wiki natoka Mwanakwerekwe kwenda kazini Paje, hapa hapa Unguja, na kurudi, karibu kilomita 90. Mtu wa safari kama hiyo hangoji kuhadithiwa bei za mafuta za mwezi za ZURA, mamlaka inayozipanga Zanzibar, anazijua usiku ule ule zinapotoka. Kwa hiyo fundi aliponiambia kuwa sailensa kubwa na bomba la inchi mbili na nusu vitaifanya gari "ipumue" na mafuta yapungue, nilisikia hilo neno la mwisho tu.

Bahati nzuri nina daftari. Kila nikitia petroli naandika kilomita na lita. Natia fulu tanki, sheli ile ile, pampu ile ile, inapokata yenyewe basi, sibembelezi tone la ziada. Matangi matatu ya mwisho kabla ya kubadilisha chochote yalinipa wastani wa kilomita 13.1 kwa lita.

Sailensa ilikuwa ya mtumba, imeng'arishwa mpaka unajiona, laki moja na nusu pamoja na bomba. Ufundi, fundi akasema nisilipe. Akalala chini ya gari, akakata masega, yaani kile kisafisha moshi cha ndani ya bomba, akayatia kwenye kiroba, akaniambia "haya ndiyo yanayoiziba pumzi". Nikamshukuru na soda nikamnunulia. Wiki mbili baadaye ndipo nikaelezwa kuwa ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo watu wanaoyanunua kwa bei nzuri tu. Ufundi niliulipa, tena na soda juu.

Sauti, nisiwe mnafiki, ilinipendeza. Mngurumo mzito, sio ule wa kelele za bati. Ila natoka alfajiri, na jirani yangu, mtu mzima, siku ya tatu alinisubiri barazani baada ya swala. "Mwanangu, hiyo gari yako imeshikwa na pumu?" Tangu hapo mimi na kijana wangu tunaisukuma mpaka mwisho wa uchochoro ndipo naiwasha.

Tangi la kwanza: 10.9. Hili silihesabu, maana nilikuwa nakanyaga. Sauti ile inauita mguu, unajikuta unaipita gari ambayo hukuwa na haja ya kuipita. La pili na la tatu niliendesha kama nimempakia mama mkwe: mwendo wa 80 penye nafasi, mguu juu mapema kabla ya matuta ya Jozani wanapovuka kima punju. Nikapata 11.6, kisha 11.4. Yaani gari iliyokuwa "imepumua" ilikuwa inakunywa kuliko ilivyokuwa imezibwa.

Nilipokuwa nahangaika kutafuta sababu niliona mambo mawili. La kwanza nililihisi mguuni. Nikitoka kwenye tuta, pale injini ipo kwenye mzunguko wa chini, gari ilikuwa nzito kuliko zamani, nikanyage zaidi ndiyo ichukue. Maskani wanasema injini inahitaji kuzuiwa moshi kidogo ili ipate nguvu. Si hivyo hasa. Moshi ukitoka kwa kasi kwenye bomba la kiasi chake, unaacha nyuma yake mvuto unaosaidia kuvuta mabaki ya silinda inayofuata. Ukiipa injini ya cc 1298 bomba pana la gari ya mashindano, moshi unatoka kwa uvivu na mvuto ule unapungua. Faida ya bomba pana ipo juu kabisa kwenye mzunguko, mahali ambapo mimi na IST yangu hatufiki.

La pili ndilo lililokuwa likinila pesa. Asubuhi nikiwasha nilisikia tik-tik-tik chini ya boneti, baada ya dakika chache inakufa. Siku ya nne taa ya injini ikawaka. Nikaenda kwa fundi mwengine, huyu wa umeme wa magari, mwenye mashine ya kupimia. Akachomeka, ikatoka kodi ya hitilafu P0420. Hiyo akaipuuza: sensa ya pili ya oksijeni, ile iliyo nyuma ya masega, imeyatafuta haikuyaona, lazima ilalamike. Kisha akanigeuzia kioo cha mashine na kuniwekea kidole kwenye namba moja. Kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, ilikuwa inaongeza petroli asilimia 17 juu ya kipimo chake cha kawaida.

Akazima gari, akamulika kwa tochi ya simu kwenye kiungo cha juu, pale fundi wa kwanza alipofungua na kurudishia gasketi ile ile ya zamani. Palikuwa na mstari wa masizi meusi, mwembamba kama wanja. Moshi hautoki kwa mfululizo, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo ufa ule unavuta hewa ya nje kuingia ndani. Sensa ya kwanza ya oksijeni ipo mbele kidogo tu ya ufa huo, moshi unakoelekea. Inaonja oksijeni nyingi, inaripoti kuwa petroli ni kidogo, na kontrolboksi kwa utiifu wake inamwaga zaidi. Ile tik-tik ilikuwa ni ufa huo huo, chuma kikipata moto kinatanuka na sauti inapotea, lakini kwangu haukuwa ukiziba wote.

Gasketi mpya na ufundi, elfu ishirini. Nyongeza ikashuka hadi asilimia 3. Tangi lililofuata: 12.7.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ilibaki harufu. Kwenye foleni ya Mwanakwerekwe, vioo viko chini, macho yalikuwa yanawasha, na mke wangu akakataa kupanda kwa kuwa kila akishuka kichwa kinamuuma. Nadhani ni haki yake. Masega ndiyo yanayoigeuza monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua watu kimya kimya, na ndiyo yanayomalizia petroli isiyoungua. Bila masega, vyote hivyo unampulizia aliye nyuma yako, na bomba likivuja chini ya sakafu unajipulizia mwenyewe.

Nikatafuta masega ya IST iliyochinjwa, laki mbili na ishirini, na elfu sitini za kuchomelea pamoja na kulirudisha bomba kwenye upana wake wa kiwandani. Sailensa niliiacha pale pale nyuma ya gari. Matangi matatu: wastani 13.2. Hiyo 0.1 msiishangilie, joto la siku au upepo wa baharini unaweza kuileta. Nimetumia laki nne na nusu kurudi nilipokuwa.

Kuna mwenzangu wa kazini anabisha, anasema yeye alitoa masega ya Carina yake na mafuta yakapungua kweli. Nimemwamini, kwa sababu yake yalikuwa yameyeyuka na kuziba, gari ilikuwa haipandi hata ikikanyagwa. Hapo ni kweli moshi umezuiwa, na kuyaweka masega mazima kungempa faida ile ile. Na sisi wa pwani, chumvi inakula bomba, kwa hiyo kabla ya kununua sailensa ya kung'aa mwambie fundi akutazamie viungo na kutu kwanza.

Kilichonipunguzia mafuta mwishowe ni upepo wa tairi. Zilikuwa kwenye psi 26, nikazitia kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, tangi lililofuata nikasoma 13.7. Upepo sheli ni bure.

Kama mtaniuliza alama: sauti nne kati ya tano, mafuta sifuri. Sailensa siiuzi, nimeshaizoea. Alfajiri bado tunaisukuma.