Mtambo wa simu za IP (simu zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta) kwa ofisi za Mwanza: upi ununue, upi uuache dukani

Kama ofisi yako ina ekstensheni kati ya kumi na hamsini, iwe kiwanda cha minofu ya sangara Ilemela, hoteli ya Capri Point au zahanati ya Igoma, usilipie mtambo wa simu mpaka fundi akuonyeshe kwa macho yako kwamba ishara za simu na sauti yenyewe, vyote viwili, vinasimbwa, yaani vinageuzwa fumbo asilolisoma mtu wa pembeni. Kioo cha rangi na muziki wa kusubiria vije baadaye.

Nasisitiza vyote viwili kwa sababu hapo ndipo wauzaji wengi hupita haraka. Ishara husafiri kwa SIP, inayobeba habari za nani anampigia nani. Kwa kawaida hupitia poti (mlango wa mtandao) 5060 ikiwa wazi, au 5061 ikiwa imelindwa kwa TLS, yaani kinga inayosimba ujumbe ukiwa njiani. Sauti ina njia yake, na ulinzi wake ni SRTP, utaratibu wa kusimba sauti. Muuzaji atakwambia, "SRTP ipo, bosi," na kweli ipo. Lakini mitambo mingi hutumia utaratibu wa SDES, ambao ufunguo wa kufungulia sauti huandikwa ndani ya ujumbe wa SIP wenyewe, kwenye mstari unaoanza na a=crypto. SIP ikipita wazi, mtu aliyechomeka kompyuta kwenye swichi yako anausoma mstari huo, anachukua ufunguo, kisha anasikiliza unavyopatana bei ya mabondo na mnunuzi wa Hong Kong. Ni kufunga duka na kuacha ufunguo unaning'inia kwenye kufuli.

Kwa hiyo dai SRTP pamoja na TLS, toleo la 1.2 au 1.3. Matoleo ya 1.0 na 1.1 yaliondolewa rasmi mwaka 2021. Ukipata mtambo wenye DTLS-SRTP, ambao hupatana ufunguo kwenye njia ile ile ya sauti, ni bora zaidi. Muuzaji akikutisha kwamba usimbaji utakula bando, usimsikilize: SRTP kwa kawaida huongeza baiti 10 kwa kila pakiti, yaani kila kipande cha sauti kinachotumwa. Kwa pakiti 50 kwa sekunde, hiyo ni kilobiti 4 tu juu ya takriban 87 ambazo simu ya G.711, mfumo wa kawaida wa kubadili sauti kuwa data, hutumia kila upande.

Chaguo langu la kwanza ni boksi linalokaa ofisini, mfano Grandstream ya familia ya UCM6300 au Yeastar ya P-Series. Faiba ikikatwa, mapokezi bado wanampigia mhasibu, na stoo bado inaongea na geti, ilimradi swichi ya PoE (inayopeleka umeme kwa simu kupitia waya wa mtandao) na boksi viko kwenye UPS. Ila usikubali fundi akufungulie poti 5060 kwa dunia nzima ili bosi apige akiwa nyumbani. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku kucha zikibahatisha nywila za ekstensheni kama 1001. Zikipata moja, zinapiga namba ghali za nje na bili inakuja kwako. Washa kufungia anayekosea nywila, funga nchi usizozipigia, na bosi apitie VPN, njia ya siri inayomwingiza kwenye mtandao wa ofisi.

La pili ni mtambo wa kwenye wingu. Unafaa sana ukiwa na matawi Sengerema, Ukerewe na Geita, maana hununui boksi kila mahali. Uliza seva ziko wapi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania iliyumba vibaya, na simu inayotegemea seva za ng'ambo huyumba nayo. Uliza pia rekodi za simu zinahifadhiwa wapi na nani anazifungua, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakuhusu.

La tatu ni kujijengea kwa Asterisk, programu ya mtambo wa simu, na FreePBX, ukurasa wa kuisimamia. Leseni ni bure na uwezo ni mkubwa, lakini nalipendekeza tu kwa ofisi yenye mtu wa IT wa kudumu. Asterisk 21 ya mwaka 2023 iliondoa kabisa chan_sip, sehemu yake ya zamani ya kushughulikia SIP, hivyo fundi anayejua njia ya zamani tu atakukwamisha. Awe anaijua PJSIP, iliyochukua nafasi yake. Agosti 2025 FreePBX zilizoacha ukurasa wa usimamizi wazi kwenye intaneti zilivamiwa kupitia tundu ambalo bado halikuwa na kiraka.

La mwisho ni simu na mitambo ya mtumba. Bei inavutia, najua. Lakini nyingi zinaishia TLS 1.0, na mtengenezaji ameshaacha kuzitolea masasisho, kwa hiyo tundu linalogunduliwa leo litabaki humo.

Muuzaji akikutajia STIR/SHAKEN, ambayo Marekani iliwabana watoa huduma wakubwa kuianza 30 Juni 2021, jua kwamba hiyo husaini namba ya mpigaji, kuthibitisha ni yake kweli, kupitia kampuni za simu, si mtambo wako. Usiiongezee hata shilingi. Hela hiyo nunua UPS kubwa zaidi.

Siku ya kukabidhiwa, mwambie fundi anase simu moja kwa Wireshark, programu ya kuchungulia yanayopita kwenye mtandao, mbele yako. Ukiuona mstari wa a=crypto ukisomeka, salio lake lisubiri.